Nilivyodanganya Kwenye Dirisha la Zahanati

Tsaramandroso, Mahajanga

Kaka yangu Bakari,

Assalaam aleikum. Kabla sijasema langu, niambie kwanza: goti la Mama limekuwaje tangu abadilishiwe dawa? Na kifua chako, bado kinakusumbua asubuhi, au umeacha kulala na feni usoni kama nilivyokusihi? Sisi huku tu wazima. Nadhira amekua, kaka, hutamjua. Nikimkemea kwa Kiswahili ananijibu kwa Kimalagasi, kisha anamgeukia bibi yake na kunisema kwa Kingazija, akidhani sisikii.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Lakini simu ya kwenu husikilizwa na nyumba nzima. Shemeji anaweka sauti juu, Mama anaingilia kati, watoto wanagombania kunisalimu, na hili nililonalo si la kusikiwa na watu wote hao. Huku nako sina wa kumwambia. Kiswahili hapa kimebaki maneno ya msikitini na ya wazee wa bandarini, na mimi na mke wangu Zalihata tunachanganya Kimalagasi na Kingazija chake, tunaelewana vya kutosha kwa mambo ya nyumbani. La moyoni ninaliweza kwa lugha yetu tu. Basi lisome peke yako.

Kaka, nina wivu. Nimeoa miaka yote hii sikuwahi kuujua, nikawa nawacheka wenzangu kiwandani wanaochungulia simu za wake zao. Sasa umenipata mimi, na umenipata vibaya.

Unajua Zalihata yuko kwenye ile ofisi ya kompyuta kule Amborovy, na siku zote wewe hunitania kwamba ni karani. Si karani. Hata mimi ilinichukua muda kuielewa kazi yake. Mtu mwenye biashara akitaka programu ya kompyuta, anajua kuna kinachomkera, ila akiulizwa anataka nini atataja jambo la kwanza lililomjia mdomoni. Waandishi wa programu wakiachiwa hapo watatengeneza hilohilo alilolitaja, na likishakamilika halimfai. Ni kama mimi ninavyoitwa kwenye vyumba vya baridi vya kuhifadhia kamba wa baharini. Mkubwa wa kiwanda anasema, "Athumani, ongeza gesi," kumbe gesi imejaa tele, ni mlango haufungi sawasawa. Kazi ya Zalihata ni kuutafuta huo mlango. Anakwenda kwa wanaofanya kazi yenyewe, anakaa nao, anawatazama, anawauliza. Halafu anaichora kazi yao kwa visanduku na mishale, kipi kinafuata kipi, na kuwarudishia waione. Wakisema sivyo, anafuta na kuchora upya. Akishapata ukweli wake anampelekea mwandishi wa programu na kumweleza mpaka aelewe kinachotakiwa.

Na huyo mwandishi wa programu ndiye aliyeniondolea usingizi. Anaitwa Hery, mtu wa Antananarivo, mrefu, mpole, shati lake halina hata mkunjo. Ofisi iliwatuma kisiwani Nosy Be, yeye na Zalihata na wenzao wengine, kutengeneza programu ya zahanati moja ya watu binafsi pale Hell-Ville. Daktari mwenye zahanati, Dokta Jaona, alilalamika kwamba foleni ya wagonjwa inafika barabarani, akataka mashine ya kuwafanya wapokezi waandike haraka.

Basi nikipiga simu, ni Hery. Hery amesema hivi, Hery amekataa vile, Hery hakuelewa mpaka nilipomchorea. Siku moja tukiwa tunaongea akaniambia, "Subiri kidogo," akaiweka simu mezani na kunisahau. Nikabaki nawasikiliza wakibishana kama muuguzi alione jina la mgonjwa kabla au baada ya karatasi ya dawa. Jambo dogo kama hilo! Lakini sauti ya mke wangu, kaka, ilikuwa imechangamka. Ilipanda, ilishuka, ilicheka. Sauti ile nilikuwa nayo mimi zamani, wakati namchumbia.

Sikulala vizuri tena. Mama mkwe, ambaye anakaa nasi, aliniona nimesimama jikoni chai imechemka mpaka imekauka. Akazima moto, akaniambia, "Athumani, hilo jiko halijakukosea kitu. Nenda ukamwone mkeo. Mtoto niachie mimi."

Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda teksi-brusi, ndivyo wanavyoyaita hapa magari ya safari, tukapigwa na mashimo ya barabara ya Antsohihy mpaka kiuno kikafa ganzi. Tukafika Ankify, nikavuka kwa boti. Zalihata sikumwambia, na mama mkwe nilimwomba asimwambie. Nilitaka niwakute walivyo. Naandika hivi naona aibu, lakini ndivyo nilivyotaka.

Nilifika zahanati asubuhi, vumbi la safari bado masikioni. Getini alisimama muuguzi mwenye orodha mkononi. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama nimewahi kutibiwa pale. Nikasema sijawahi, mimi mgeni.

"Vizuri sana," akasema, akanishika mkono. "Leo tunaijaribu programu mpya, tunataka na watu wasioijua zahanati. Utajifanya mgonjwa. Ukiulizwa, jibu kama ambavyo ungejibu siku yoyote."

Ningeweza kukataa. Lakini alinipeleka kwenye foleni ya dirisha la mapokezi, na kupitia dirisha lile niliona ndani. Zalihata alikuwa amekaa nyuma ya mpokezi, karatasi mapajani. Pembeni yake, Hery. Vichwa vyao vilikaribiana.

Zalihata akainua macho akaniona. Kaka, hakuinuka. Hakutabasamu, hakupunga mkono. Alinitazama tu, kisha akayarudisha macho kwenye karatasi yake. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba wakati wa jaribio mwangalizi hasemi na hamsaidii mtu, anatazama wapi watu wanajikwaa. Mimi wakati ule hilo sikulijua. Nilisema moyoni, basi, yamekwisha, hata salamu sipati.

Mpokezi alikuwa msichana mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Akauliza jina nikasema, natoka wapi nikasema. Kisha akauliza, "Unaumwa nini?"

Nyuma yangu foleni ndefu, wengine wa majaribio kama mimi, wengine wagonjwa kweli. Mama mmoja muuza samaki, beseni kichwani, alikuwa ananipumulia shingoni. Hery akainama akamnong'oneza mke wangu jambo, na mke wangu akatikisa kichwa kukubali.

"Unaumwa nini, baba?" msichana akarudia, sauti juu zaidi.

"Tumbo," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu aondoke."

"Tangu nani aondoke?"

"Tangu niondoke nyumbani," nikarekebisha, jasho linanitoka.

"Unahara?"

Nifanye nini, kaka? Nikasema ndiyo. Watu nyuma wakacheka, na muuza samaki akarudi nyuma hatua moja. Msichana akabonyeza mashine yake, ikatoa karatasi, nikapelekwa kwenye benchi la wenye kuhara. Sijakaa sawasawa, akaja muuguzi na kikopo chenye kifuniko, akanionyesha mlango wa choo.

Dokta Jaona alikuwa amesimama hapohapo anatazama saa. Akapiga makofi. "Mmeona? Huyu amemaliza dirishani upesi, na amefika panapohusika. Hii ndiyo niliyoitaka."

Hapo Zalihata akasimama. Namjua, akikasirika sauti yake inakuwa ya chini. "Dokta, nilikuambia watu hawatasema ukweli pale dirishani. Nimekaa na wagonjwa wako benchini, nimewasikiliza. Wengi wanataja ugonjwa wa uongo mbele ya watu, kisha wanaanza kuhojiwa upya ndani, na hapo ndipo foleni inapokwama. Ukiongeza kasi ya dirisha, utaupokea uongo kwa haraka."

"Ulisema, ndiyo, na mimi nikasema unaogopa bure. Huyu bwana amejibu palepale."

"Huyu bwana hana tumbo."

"Wewe umejuaje? Umekuwa daktari?"

"Ni mume wangu."

Nilitamani kikopo kile kingekuwa kikubwa nijifiche ndani. Kisha kicheko kikalipuka, kuanzia dirishani mpaka getini. Hery akaweka kalamu chini, akaja kunipa mkono kwa mikono yake miwili. "Athumani! Hatimaye! Zalihata anakutaja kila siku." Adabu zile, kaka, zilinifanya nimchukie zaidi.

Daktari hakucheka. Akaniuliza, "Kweli huumwi tumbo?"

"Siumwi."

"Na umedanganya kwa sababu gani?"

"Watu wanasikia," nikamwambia.

Akabaki anajikuna kidevu. Ndipo yule muuza samaki akateremsha beseni lake, akasema kwa upole, bila kumtazama mtu, "Mimi mara ya kwanza nilisema kichwa. Nikapewa dawa ya kichwa, nikaenda nayo nyumbani. Hakikuwa kichwa. Leo ndio nimerudi."

Hakuna aliyemuuliza kilikuwa nini. Dokta Jaona alimwita muuguzi mmoja mwanamke, wakampeleka yule mama chumba cha ndani, mlango ukafungwa. Daktari aliporudi alimwambia Zalihata, "Dirishani jina na anakotoka, basi. Mengine ndani." Hery akajibu yeye, "Nitabadilisha leo." Na Zalihata akachukua karatasi yake, akaufuta mshale mmoja na kuuchora kwingine.

Mchana tulikaa wawili kwenye kibanda cha chakula, wali, samaki na achari ya embe. Nilingoja anikaripie. Hakuniuliza hata kwa nini nimekuja. Alisema, "Nianzie pale ulipoanza kutaka kuja. Ulikuwa unafanya nini?" Nikaanza na ile chai iliyokauka, nikarudi nyuma kwenye simu iliyosahauliwa mezani, nikajikuta nasema yote, hata nisiyoyajua. Alisikiliza mpaka mwisho, wali wake umepoa. Nikaelewa kwa nini wagonjwa wa Nosy Be wanamwambia mambo, na hapo wivu ukanishika upya. Watu wote hawa wanampata mke wangu hivi, nikawaza, na mimi nimempata mara ngapi?

"Na Hery?" nikamwuliza.

"Hery ananiuliza ninachofikiri, halafu anangoja jibu. Ya kazi, Athumani. Hakuna jingine."

"Na mimi?"

"Wewe unauliza kama nimekula, na narudi lini. Nikishajibu hayo mawili, unaaga." Akasukuma sahani. "Leo umenifaa kazini. Lakini ulikuja kunichungulia kama mwizi, na hilo limeniuma. Usirudie."

Nikamwambia sitarudia. Tulipopita zahanati, yule muuza samaki alikuwa anatoka, macho mekundu, bahasha ya dawa mkononi. Alimshika Zalihata bega, akapita. Kesho yake nikavuka kurudi Ankify peke yangu.

Alirudi Mahajanga karibu na Idi, wapokezi wakiwa wameshaizoea programu. Siku ya pili yake akaniambia ofisi imempa kazi nyingine, hospitali ya akina mama huko Antsiranana, muda mrefu kuliko ule wa kwanza, na mwandishi wa programu ni Hery tena. "Sijawajibu," akasema. "Nilitaka kukusikia kwanza."

Kaka, neno la kumzuia lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Mama mkwe alinitazama, hata Nadhira aliacha kutafuna. Nikamkumbuka yule mama akiteremsha beseni mbele ya watu. Nikasema, "Nenda." Usinisifu kwa hilo. Nililisema nikiwa na wivu uleule, na baadaye nilitoka nje nikatengeneza baiskeli ambayo haikuwa imeharibika.

Amekwenda. Jana baada ya alasiri nilimpigia. Sikumwuliza kama amekula. Nilimwuliza wakunga wa huko wameuonaje mchoro wake. Akaanza. Wakunga wameukataa nusu, mkubwa wao hataki mashine chumbani kwake, Hery anasema iwekwe, yeye anasema isiwekwe, Hery kakasirika, Hery karudi kuomba radhi. Kila jina lile lilipotajwa lilinichoma kama mwiba wa samaki kooni. Nikamwacha aongee bila kumkatiza. Mwishowe akasita.

"Athumani, bado upo?"

"Nipo," nikamwambia. "Kwa hiyo mashine mtaiweka wapi?"

Mpe Mama mkono wangu, mwambie namwombea goti lake kila swala. Msalimie Shemeji Mwanasha, na shangazi yetu mkubwa kule Pangani, na mjomba fundi seremala, na wanao wote, hasa yule mdogo aliyepewa jina la Baba. Mama mkwe anakusalimu, anasema kahawa uliyotutumia imekwisha. Ukinijibu, nijibu kwa barua.

Akuhifadhini Mungu nyote.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani