Mvua ya Upande wa Yatta

Mwende mjukuu wangu,

Huku Ndithini tuko wazima. Babu yako kikohozi kimemwacha, na yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Mjomba wako anakuletea ndengu.

Umeniuliza kwa nini nakupigia simu mchana, ukiwa ofisini huko Mlolongo, kuuliza tu kama mvua inakuja.

Nilipoolewa hapa tulilima kwa mwethya, wanawake wote pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Tuliinama kwa mstari mmoja na majembe ya mpini mfupi, na aliyenyoosha mgongo kabla ya kufika mwisho wa shamba aliitwa mvivu mpaka jioni. Kiuno kikawaka moto, nikaendelea kulima tu, kwa sababu nilikuwa mgeni.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa kando yangu, akaita, "Hebu angalieni, si mvua ile upande wa Yatta?" Sote tukasimama tukaangalia. Hakukuwa hata na wingu. Tukainama tena. Baadaye akaita, "Ni nani yule anapita barabarani?" Tukasimama. Hakukuwa na mtu.

Nikafikiri macho yake yameharibika, mpaka jioni nilipomwona akitia uzi kwenye sindano mara moja tu.

Mama yako ameniambia mgongo unakuuma kwa kukaa kwa kompyuta kutwa, na kwamba unaona haya kuinuka wenzako wakiwa wamekaa.

Kwa hivyo nikikupigia, usinijibu ukiwa kwa kiti. Nenda dirishani, angalia vizuri, halafu uniambie kama kuna wingu.

Susu wako anayekupenda