Meza ya Ijumaa kwa Mama Bea

Ijumaa, 9 Februari

Sokoni nimeshona zipu nne, kisha mgahawani kwa Mama Bea kama kila Ijumaa. Mzee wetu ba Chanda alikuwa ameshafika, kiti chake cha ukutani, kofia gotini. Odette akaja wa mwisho, vumbi mpaka kwenye nyusi, gunia lake la maharage limebaki nusu. Tumekula.

Ila Bea amefuta ubao tena. Bei mpya. Mara ya pili tangu Krismasi. Zamani tuliagiza bukari, ugali wetu, moja kubwa na samaki wawili, tunanawa kwenye beseni moja, tunakula watatu. Mwezi uliopita akakataza. Sahani moja, mutu moja, alisema. Leo samaki wangu, makobo, alikuwa mdogo kuliko kiganja. Nilimla mpaka macho. Uvuvi umekatazwa hadi mwisho wa mwezi, basi kila samaki anauzwa kama ng'ombe.

Bea si mwizi. Unga umepanda, mkaa umepanda, mafuta usiseme. Namwelewa na namchukia.

Jumapili, 11 Februari

Mvua. Mkwe wangu yuko nyumbani, kwa hiyo niko kwenye jiko la nyuma tangu asubuhi. Mama hali mbele ya mume wa binti yake. Nilifundishwa hivyo, nami nikamfundisha Julie. Wakati ule sikufikiri kwamba nitazeekea ndani ya desturi hiyo. Julie ananiletea sahani, anaifunika, anaondoka. Mkwe ni mtu mwema. Hajawahi kuniona nikitafuna. Mimi nakula nikitazama ukuta wenye masizi. Ijumaa tu ndiyo nakula na watu.

Kuwaalika hapa haiwezekani. Nyumba si yangu, chungu si changu. Odette anakaa kambi ya wakimbizi, mbali, anakuja siku ya soko tu. Ba Chanda, tangu mke wake afe, yuko kwenye chumba kando ya ziwa, pale alipokuwa akiunda mitumbwi, na hajui hata kusonga bukari. Wiki nzima mihogo ya kuchoma na chai. Anasema mwenyewe kwamba kwa Bea ndiko tumbo lake linakumbuka kuwa aliwahi kuoa.

Jumatano, 14 Februari

Majivu. Padri amesema tufunge kwa furaha. Padri ana mpishi.

Ijumaa, 16 Februari

Kazi haba. Watu siku hizi wanavaa zipu mbovu, wanafunika na shati. Nilichopata hakikufika hata nusu ya kilichoandikwa ubaoni.

Nikaenda hivyo hivyo. Nikakaa. Bea akaja na beseni la kunawa, nikarudisha mikono mapajani. Miye leo niko nafunga, nilisema. Ilitoka yenyewe. Kwaresima imeanza, nani atabisha? Odette akanitazama kwa heshima. Ba Chanda akarudisha sahanini tonge alilokwisha kulifinyanga. Kanisa lake halina Kwaresima, mambo haya yanamshangaza. Akauliza kama si vibaya yeye kula mbele yangu. Nikasema kula, kula. Akala haraka, uso ameugeuzia ukutani.

Harufu ya samaki imebaki kwenye kitenge changu. Nina aibu. Lakini nilikuwa mezani.

Ijumaa, 23 Februari

Leo Odette naye anafunga! Amelitamka kabla sijakaa vizuri. Nimekasirika mpaka masikio yakawaka moto. Ananishindania utakatifu, yeye ambaye misa anasinzia kuanzia somo la kwanza. Mwongo hapendi kuigwa.

Ba Chanda akabaki peke yake na sahani, kati ya wanawake wawili waliokunja mikono. Akala nusu. Akasema ameshiba. Hajashiba, namjua, huyu ni mtu wa kufuta sahani na tonge la mwisho. Bea akaondoa samaki mzima wa upande mmoja, na bei akachukua yote.

Ijumaa, 1 Machi

Ziwa limefunguliwa! Tangu alfajiri injini zinalia. Ufukweni mabeseni yamejaa makobo na kambare, wanawake wanasukumana, hata mbwa wanachagua. Moyo wangu ukaruka. Nikajiambia leo bei itashuka, nitasema mfungo umenishinda, nitakula, yatakwisha.

Nikakata njia nyuma ya wauza chumvi. Odette alikuwa amechuchumaa kati ya magunia, anakula karanga za kuchemsha. Haraka, bila kutazama, na maganda anayatia mfukoni. Akaniona. Akafuta mdomo. Mimi nikatazama chumvi.

Kumbe si utakatifu. Ni kama mimi. Tungeweza kucheka pale pale na kumaliza. Hatukucheka. Tulitembea pamoja mpaka kwa Bea, tukiongea habari za mvua.

Ubao haujaguswa. Nilimuuliza Bea, samaki si wamejaa? Akasema, "Bunga bulipanda, makala ilipanda, miye peke njo nibakie chini?"

Nikasema nafunga. Odette akasema anafunga. Ba Chanda akaagiza chai.

Jumanne, 5 Machi

Sijalala vizuri. Tukimwambia ba Chanda ukweli, atataka kutulipia, na hana. Ataacha hata chai. Tusipomwambia, hatakula. Kwao mtu hali mbele ya mwenye njaa, na hata kwetu ni hivyo. Sijui nilikuwa nafikiri nini.

Ijumaa, 8 Machi

Watu watatu, chai moja. Bea alipita mara nyingi akifuta meza ambayo haikuwa chafu. Mwishoni akasimama.

"Hapa haiko kanisa, ba mama. Mutu anaikala, anakula."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo iliyoniumiza zaidi, alisema kwa uchovu. Ba Chanda akainuka, akavaa kofia, akamwomba msamaha kwa niaba yetu. Kwa niaba yetu! Nilitaka ardhi inimeze.

Nilikuwa nimepanga kusema leo. Sikusema.

Ijumaa, 15 Machi

Mezani petu wamekaa madereva wa malori ya samaki. Nyama, bukari, chupa za soda. Hawakutuondoa, walikuta pameachwa wazi. Bea akatuonyesha benchi la nje, karibu na pipa la maji. Tukakaa watatu tukitazama barabara, kama wanaosubiri gari.

Ba Chanda amekonda. Suruali ameifunga kwa kamba ya wavu. Odette alinibonyeza ubavu na kiwiko, nikambonyeza naye. Kila mmoja alitaka mwenzake aseme. Tukaagana mapema.

Ijumaa, 22 Machi

Ba Chanda hakuja. Tulisubiri kwenye benchi. Odette anasema labda mafua. Nilimuuliza kama yeye amekula tangu jana, akaniambia tuko Kwaresima, Mama Julie. Bado! Hata mimi na yeye peke yetu, bado anaishikilia. Nami nikaitikia.

Jumapili, 24 Machi

Nimeenda kwake baada ya misa, na tawi langu la Jumapili ya Matawi mkononi. Chumba kimefagiwa vizuri. Jiko limepoa. Mpwa wake kutoka Kilwa, kile kisiwa cha ziwani, alikuwa amekaa mlangoni, kijana mkubwa wa wavu, hanitazami.

Ba Chanda alikuwa kitandani, mikono imebaki mifupa na mishipa. Alifurahi sana kuniona. Akaniambia nisimhurumie, akiniita bana, yaani mama kwa lugha yao, na ile mukwai yake ya heshima.

"Na mimi nafunga, bana Julie. Tangu ile siku niliagiza chai. Ijumaa na Jumatano, mukwai, nakunywa chai ama maji tu."

Niliuliza nani alimwambia afanye hivyo. Akasema hakuna. Alituona sisi, wanawake wawili wazee, tunakaa mbele ya samaki na mikono imetulia, akaona haya kuwa mwanamume wa tumbo. Anasema moyo wake umekuwa mwepesi. Hajawahi kumwomba Mungu hivi tangu amzike mke wake. Ametushukuru.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikamtazama, uso unang'aa kwa kitu nilichomdanganya. Nikayameza. Nikimwambia ni uongo, nitamnyang'anya maana ya njaa yake na moyo wake mwepesi, vyote siku moja. Nikinyamaza, anazidi kuisha. Nilinyamaza, na si kwa huruma. Niliogopa atakavyonitazama.

Mpwa alinisindikiza nje. Atampeleka kisiwani, wakimaliza kuuza samaki wiki hii. Mke wake atampikia.

Nimeliacha tawi kwake.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa Kuu. Leo kila mtu anafunga, hata wenye hela. Bea alifunga mlango, nimepita nikaona viti vimepinduliwa juu ya meza. Odette hakuja, hakuna soko. Nimetembea njia ya msalaba na wengine, magoti yananiuma. Sikuomba chochote. Sikuwa na uso.

Jumamosi, 30 Machi

Ameondoka. Boti lilijaa unga, sabuni, mafuta ya kula, kuku waliofungwa miguu. Walimkalisha juu ya magunia na kumfunika na blanketi, jua kali vile. Mimi nilisimama kwenye tope na viatu mkononi. Kwenda Kilwa na kurudi sasa ni hela nyingi, petroli nayo imepanda. Mtu wa umri wangu haendi kusalimia na kurudi. Sote wawili tulijua.

Nilimkaribia nimwambie. Nilikuwa tayari kabisa, naapa. Akanishika mkono kabla sijaanza.

"Ninyi munajua kufunga, Mungu anawasikia. Muniombee, mukwai. Wewe na bana Odette."

Nikasema tutakuombea. Ndilo nililosema. Injini ikawashwa.

Huko atakula. Mke wa mpwa anajulikana kwa mkono mzuri. Hilo ni jambo jema, najilazimisha kuliandika. Ila ametoka hapa akiamini kwamba mimi ni mtu mwema, na hakuna tena mahali ambapo nitamkuta nikamwambia sivyo. Namchukia Bea na ubao wake. Najichukia zaidi.

Ijumaa, 5 Aprili

Sokoni, zipu mbili. Odette alikuwa na maharage yake upande wa wauza chumvi. Nilimweleza alivyosafiri ba Chanda, alivyofunikwa, alivyotuagiza tumwombee. Aliendelea kuchambua maharage, moja moja, hata mazuri akayatupa. Kisha akasema, "Kwaresima iliisha, Mama Julie." Tukashikana mikono. Amerudi kambini na gari la mapema.

Kwa Bea nilipita upande wa pili wa barabara. Meza yetu ilikuwa na watu, vijana, wanacheka. Bea aliniona akainua mkono. Nami nikainua wangu.

Nyumbani Julie aliniletea sahani jikoni nyuma. Mkwe amelipwa. Bukari bado inatoa moshi, sombe ya majani ya mihogo, makobo mkubwa mwenye mayai. Amefunika, ameondoka. Sikuifunua tena. Wiki ya Pasaka mtu hafungi, padri angenikemea, na hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba niko nafunga. Nimekaa tu na njaa yangu mbele ya ukuta, nikamwombea ba Chanda, yeye na mke wake aliyekufa na nyumba ya mpwa wake.

Jioni nimemrudishia Julie sahani kama ilivyokuja. Ameuliza kama chumvi ilizidi. Nimemwambia hapana.