Ametulia Tangu Jumanne

Chaani, 3 Februari 2025

Mwanangu Fancy,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima, magoti ndiyo yale yale. Natumai kazi ya hoteli huko Doha haikuchoshi. Naandika kwa ajili ya yule samaki mwekundu aliyenunuliwa na marehemu mama yako wiki mbili kabla hajatuacha. Ameingiwa na ukungu mweupe mwili mzima. Chakula anakula. Nimekutumia picha yake. Wewe ndiye unayejua samaki, niambie nimpe dawa gani. Sitaki afe mikononi mwangu.

Baba yako

Doha, 5 Februari

Shikamoo Baba,

Pole kwa magoti. Dawa siwezi kutaja kabla sijamwona vizuri, maana ukungu ni wa aina nyingi na ukikosea dawa unamuua. Picha uliyotuma ina mng'ao wa taa, tumbo lako na kalenda ya kanisa. Zima taa ya simu, funga pazia, acha taa ya tangi peke yake. Pangusa kioo. Simu iguse kioo kabisa ili usionekane wewe. Kisha subiri samaki atulie ndipo upige. Ukishindwa, mpe jirani Lavender simu.

Mwanao

Chaani, 11 Februari

Fancy, hujambo? Mimi sijambo, namshukuru Mungu.

Nimepiga picha arobaini na moja. Lavender alinikuta nimepiga magoti mbele ya tangi akadhani nasali. Simu sikumpa, ana mambo yake. Nami usinifundishe kutazama. Nilisoma namba za makontena bandarini miaka thelathini na moja bila miwani. Asiye na adabu ni huyu samaki. Nikibonyeza tu, keshakwenda.

Baba yako

Doha, 13 Februari

Shikamoo Baba, umeamkaje?

Picha zote arobaini na moja zina ukungu, hata kalenda. Nakuomba kwa upole ulionibakia. Gusa kwenye simu pale alipo samaki, ngoja picha ikae sawa, ndipo ubonyeze. Namtaka ubavu, si mkia. Na asubiriwe ATULIE. Samaki huyu ndicho kitu cha mwisho Mama alichochagua kwa mkono wake, nami nimechoka kuona tumbo lako.

Mwanao

Chaani, 20 Februari

Fancy, salamu. Nimempata. Nimefuata yote uliyosema, neno kwa neno. Ametulia tangu Jumanne, hata chakula hajali. Sasa huna la kulalamikia.

Baba yako

Doha, 20 Februari

Shikamoo Baba,

Huyo si samaki. Ni mchoro wa samaki kwenye karatasi niliyobandika nyuma ya tangi. Nilicheka mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini. Halafu nikaacha kucheka. Samaki wa Mama yuko pembeni ya picha hiyo hiyo, mwekundu pyu, hana ukungu hata chembe.

Baba, macho yako yana nini?

Mwanao

Chaani, 9 Machi

Mwanangu Fancy,

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Daktari aliniambia tangu Novemba: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Barua zako nazikuza mpaka neno moja linajaza simu. Anataka kunipasua. Sikukwambia kwa sababu ungeacha kazi. Na naogopa. Mama yako aliingia chumba cha upasuaji akitembea, akaniambia nimshikie mkoba. Mkoba bado ninao.

Baba yako

Doha, 9 Machi

Baba, shikamoo.

Nami naogopa. Nimekukasirikia mwezi mzima kwa kosa lisilo lako, na hilo linaniuma. Lakini utakwenda. Lavender nimeshazungumza naye, atakusindikiza, na mkoba atashika yeye. Usinijibu kwa ubishi. Nijibu kwa picha.

Mwanao

Chaani, 19 Aprili

Mwanangu Fancy,

Hujambo? Mimi sijambo, na safari hii ni kweli. Jicho la kwanza limefunguliwa, la pili ni mwezi ujao. Picha hii nimepiga mwenyewe. Hesabu magamba ukitaka. Kumbe ubavuni ana doa dogo jeusi, kama lile la mama yako shingoni. Mwaka mzima nimemlisha na sikulijua. Pengine ndiyo sababu alimchagua.

Utasema nimeonekana tena kwenye kioo, mimi na tumbo langu na kalenda. Najua. Nimesimama hapo kusudi, nawe unitazame.

Baba yako