Miiba ya Kisima cha Shishiyu

Baba,

Mama ameongeza miiba kisimani. Tangu tukuzike hajaondoa hata tawi moja. Yakioza, anakata mengine. Anasema hiyo ndiyo kazi uliyomwachia. Kisha anajitwika ndoo kwenda kuchota kule ng'ambo ya kilima, na goti lake lile lile bovu.

Mimi ndiye niliyeyaanza haya yote. Nilirudi likizo kutoka chuoni, kichwa kimejaa jiokemia, ile kemia ya miamba na udongo, nikakukalisha mlangoni pa zizi nikaanza kukuhutubia: vijimea vya ziwani vinakufa, vinazama kwenye tope lisilo na hewa, tope linafunikwa na tope jingine, joto la chini linavipika mamilioni ya miaka mpaka vinakuwa mafuta, nayo yanapanda polepole yakitafuta ufa. Ulisikiliza kama mtu anayetajiwa ng'ombe wa mahari. Kesho yake ukanionyesha utando uliong'aa rangi rangi juu ya kisima chetu. Nami, msomi mzima, nikasema, "Inawezekana, Baba." Hadi jioni ulikuwa umeshakizungushia miiba, mtu asiguse mafuta yako.

Asubuhi iliyofuata, ulipokwenda machungani, niliuchokonoa ule utando kwa kijiti. Utando wa mafuta ukichokonolewa hujirudi ukaungana. Ule ulivunjika vipande vipande, kama ukoko wa uji. Kutu tu, kazi ya vijidudu vinavyokula chuma majini. Hata hivyo nilikinga mapovu ya kisima kwenye chupa nikakuambia nayapeleka maabara, kujipa moyo. Ilikuwa gesi changa, ya majani yaliyooza juzi. Haikupikwa chini popote.

Wodini Bariadi uliniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, majibu?" Nikasema bado. Ukatabasamu: "Wabeja, asante mwanangu. Mafuta hayana haraka." Nilijiambia nakuonea huruma. Uongo, Baba. Niliogopa uso wako, na ukaondoka ukinishukuru. Hilo linanichoma mpaka leo.

Juzi Mama alianguka njiani, ndoo ikamwagika yote. Aliinuka akapangusa kanga, akasema, "Si kitu, mafuta ya baba yako yakitoka tutavuta bomba hadi uani." Nami nikaokota ndoo, nikauficha ukweli tena, kama kule wodini.

Basi kesho kabla hajabeba ndoo nitamwambia, hata akinilaani. Miiba nitaing'oa kwa mikono yangu. Nitaengua utando, nichote, nimchemshie chai. Nakuahidi.

Pumzika, Baba yangu. Majibu yalishatoka. Ni maji.

Binti yako,
Kabula