Sala ya Macho Wazi

Shikamoo Mama,

Huku Koboko, Uganda, nanenepa kwa ugali wa muhogo na mboga za simsim, yaani ufuta! Jana vijana wenye ulemavu waliwaita wakubwa wa wilaya, wakidai mkalimani wa lugha ya alama pale zahanati. Kufungua mkutano, wakamwomba Gloria, binti kiziwi, atuombee. Sote tukainama, macho tumefumba, kimya. Rafiki yake akagonga meza: "Fungueni macho! Sala iko kwa mikono!" Tulicheka! Mwenyekiti wa wilaya, aliyedai suala la mkalimani si la haraka, ndiye aliyekazana kuiga amina ya Gloria kwa mikono.

Mama, miaka yote mezani tunaomba tumefumba macho, na Amosi wetu, kiziwi pia, anasubiri tu sahani zifunuliwe. Mwambie nikirudi sala ni yake.

Nawapenda mno,
Neema