Kutu Katika Damu ya Victoire

Yeoville, Johannesburg
Jumapili alasiri

Kwako Yaya, dada yangu mkubwa mpendwa, Hélène,

Ninatumaini barua hii itakukuta na nguvu, na kwamba goti lako sasa linakuruhusu kupanda ngazi za kanisa. Mimi ni mzima wa mwili. Uniwie radhi kwa kimya cha miezi mitatu. Moyo haukutulia hata nishike kalamu.

Binti yangu Victoire anaendelea na tiba ya kuachana na nyaope, ule unga wa heroini wanaouvuta huku. Kila asubuhi huenda kliniki kunywa methadoni, dawa ya kutuliza hamu ya unga. Huko amekubali pia kuingia katika utafiti, na kila mwezi hutolewa damu. Muuguzi wake, Mama Jocelyne, alinieleza kwa upole kwamba heroini huacha mwilini madhara yanayofanana na kutu, na kwamba damu huonyesha kama kutu hiyo inapungua. Victoire aliapa mbele yao kwamba hatumii dawa nyingine yoyote, wala vitamini, kwani hizo nazo hupunguza kutu na kuvuruga vipimo.

Vipimo vya kwanza vilikuwa vibaya. Alilia, akasema ameoza ndani, ya nini kujitesa. Vya pili vikawa vizuri mno. Aliibandika karatasi ile kando ya picha ya marehemu mama yake, akanitania kwamba damu yake sasa ni changa, anayestahili kupelekwa kliniki ni mimi, papa yake. Tangu siku hiyo hajakosa dawa hata mara moja. Lakini Mama Jocelyne ameniuliza mara mbili mtoto anakula nini, kwani madaktari wanashangaa.

Yaya, ni mimi. Unakumbuka tulivyoipaka shule chokaa kabla ya mkaguzi kufika? Nilidhani damu nayo inakaguliwa, na akishindwa atafukuzwa. Nikawa nasaga vidonge vya vitamini pamoja na majani ya mlonge, navitia katika uji wake bila yeye kujua. Sasa karatasi inayomshikilia asirudie unga ni ya uongo, nao watamdhani yeye ndiye mwongo. Kesho anatolewa damu tena.

Leo nilipika uji mtupu. Aliuonja, akauliza kimepungua nini. Nikajibu, sukari.

Hivi sasa ameketi mbele yangu, anangoja kalamu akusalimie. Nitamwambia ukweli kwanza, ndipo nimpe. Wafikishie wote wa nyumbani salamu zangu, nawe unisamehe. Nafasi iliyo chini ya jina langu ni yake. Ikikufikia tupu, tafadhali utuombee.

Mdogo wako mtiifu,
Marcellin