Ramani ya Ng'ambo ya Mto

Ifakara,
12 Mei 1955

Kaka yangu mpendwa Wendelin,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kimamba mkongeni, na kile kikohozi kimekuachia. Sisi hatuumwi, ila mama halali vizuri, nami nitakueleza sababu.

Kwa wiki mbili sasa ndege za jeshi huja kila asubuhi kufanya mazoezi ng'ambo ya Kilombero, kwenye mbuga ya mashamba yetu. Askari wamechora misalaba mikubwa ya chokaa, na ndege hushuka mpaka mpunga unalala, zikaipiga misalaba hiyo kwa risasi na mabomu. Jumbe alitangaza watu wote wavuke. Wamevuka, isipokuwa Bibi yetu Balbina. Msalaba mmoja uko hatua mia mbili tu kutoka dungu lake la kulindia mpunga.

Mzee Tadei amemfuata kwa mtumbwi mara tatu. Bibi alimjibu kwamba viboko hawakumfukuza, sembuse madebe yanayoruka. Tena mpunga umeiva, na akiondoka, je, Tadei mwenye sauti ya chura ndiye atakayefukuza kwelea? Mzee Tadei alirudi akicheka. Mara ya tatu hakucheka. Alisema paa la dungu lina matundu mawili ya risasi.

Mama alikwenda nami kwa karani wa serikali kuomba mazoezi yasimame mpaka tuvune. Karani alimwonyesha ramani, akasema ng'ambo hakuna makazi, kwa hiyo hakuna mtu wa kuombewa.

Kaka, ramani ile niliichora mimi. Septemba iliyopita Sista alitufundisha kupima kwa hatua, nami nikaipima mbuga yote. Watu walikuwa wameshavuna na kurudi nyumbani, na madungu yamebaki miti mitupu. Sikuyachora. Bwana mpimaji alipotembelea shule aliisifu, akaomba aichukue. Nilifurahi mno, nikaandika jina langu pembeni. Mama hajui kusoma, hakulitambua.

Jana nilimpelekea karani ramani nyingine, yenye kila dungu na jina la mwenyewe. Aliipokea bila kuitazama, akaiweka chini ya karatasi nyingine. Labda ataitazama.

Kesho alfajiri nitamwomba Mzee Tadei anivushe. Sitamwambia Bibi aondoke, maana hataondoka. Nitachukua kisu changu cha kuvunia. Wawili tutamaliza upesi kuliko mmoja.

Mama anakusalimu sana. Tafadhali mwandikie yeye barua inayofuata, usiniandikie mimi; Sista atamsomea kama sijarudi. Wasalimie wenzako wote wa kambini, na utuombee.

Ni mimi mdogo wako,
Serafina